Mjomba alikufa na saratani ya damu, sasa ni mama. Hii kitu inarithiwa?

Mwana_wa_Umoja

Hamjambo wadau. Miaka mingi nimekuwa msomaji tu hapa, nacheka na kupita. Leo nimelazimika kufungua uzi.

Mamangu ana miaka 61. Ameuza viatu vya mitumba Gikomba tangu nikiwa darasa la pili. Mwaka jana mwezi wa nane akaanza kulalamika mgongo. Sisi tukasema ni mizigo, na ni umri. Akawa ananunua vidonge vya maumivu kwenye duka la dawa pale stejini, vile vya kuuziwa vinne vinne kwenye bahasha ndogo ya kaki, anameza asubuhi na jioni. Mwezi wa pili mwaka huu akainama kunyanyua mtungi wa maji wa lita 20, akapiga kelele moja tu. Hakusimama wima tena. Picha ikaonyesha pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea kama mkebe uliokanyagwa. Damu (hemoglobini) ilikuwa 6.8. Figo nazo zimechoka. Baada ya wiki tatu za kuzungushwa huku na kule, wakamtoboa nyongani wakatoa uboho, ndipo tukaambiwa ni saratani ya damu, aina ya mayeloma.

Jumapili iliyopita tulikaa kikao cha kupanga mchango. Chai haijamiminwa hata, shangazi yangu, dada ya baba, akasema: "Lakini hii si ngeni. Iko kwenye damu ya kina mama yenu. Si hata kaka yake alikufa nayo?"

Ni kweli mjomba alifariki 2009, na siku zote tumeambiwa ilikuwa saratani ya damu. Sebule ikanyamaza. Dada yangu ana mimba ya miezi saba. Aliweka kikombe chini, akatoka kusimama kwenye ngazi, hakurudi mpaka wageni wakaondoka.

Mimi nina wavulana wawili. Juzi mdogo ametokwa na damu puani, kitu ambacho humtokea kila Januari vumbi likizidi, nikajikuta namkagua mwili mzima na tochi ya simu. Naomba anayejua aniambie ukweli. Inarithiwa? Watoto wapimwe?

Bibi_wa_Kariobangi

Pole mwanangu. Mpe mama salamu, mwambie Gikomba inamsubiri. Hilo la shangazi yako lilitakiwa lisemwe baada ya chai, kama lilikuwa la lazima kusemwa.

Kamuti_K

Si vizuri kusema lakini kuna nyumba ambazo ugonjwa unapita kama urithi wa shamba. Kwetu familia moja imezika wanne. Jipimeni nyote, msingoje.

Maabara_Usiku

Mwana wa Umoja, pole sana. Mimi ni mtu wa maabara, zamu yangu kubwa ni usiku. Kazi yangu ni kutazama damu kwenye darubini, si kuandika dawa, kwa hiyo nichukulie hivyo.

Kabla hujampima mtu yeyote, nijibu swali moja: mjomba alikuwa na saratani GANI ya damu? Maana "saratani ya damu" si jina la ugonjwa. Ni kama mtu akwambie anaishi Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Eastlands wapi? Buruburu, Dandora, Kayole, Utawala? Huwezi kupeleka barua kwa anwani hiyo. Chini ya jina hilo kuna leukemia, za chembe za damu kwenye uboho, na zenyewe ni nyingi, kuna limfoma, za tezi, za kila namna, kuna mayeloma. Zinaanzia kwenye chembe tofauti, zinakuja umri tofauti, na kwenye hili swali lako la kurithi ziko mbalimbali kabisa.

@Kamuti_K hao wanne walikuwa na nini?

Kamuti_K

Mmoja ilikuwa damu. Wengine koo.

Maabara_Usiku

Koo si damu, ndugu.

Mwana_wa_Umoja

Maabara, kusema kweli hatujui. Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Nakumbuka tumbo lake lilijaa upande wa kushoto mpaka mkanda haufungi, na alikuwa akitokwa jasho usiku, anabadilisha shati mara mbili. Tukazika Mwala, basi. Hakuna aliyeuliza.

Maabara_Usiku

Tumbo kujaa kushoto ni bandama. Hiyo si picha ya kawaida ya mayeloma. Tafuta karatasi. Kadi ya kliniki, ripoti ya maabara, chochote. Watu wetu hutupa nguo za marehemu lakini karatasi za hospitali huwa zinabaki mahali.

Mama_Pacha_Kasarani

Samahani naingilia. Nina pacha wanaofanana, miaka 6. Niliwahi kusoma kwamba pacha mmoja akipata leukemia mwingine pia anapata. Sasa hiyo si ndiyo kurithi kwenyewe?

Maabara_Usiku

Mama Pacha, swali lako limenifurahisha kwa sababu ndipo watu wengi hupotea.

Ni kweli, pacha wa kufanana mmoja akipata leukemia kabla ya mwaka mmoja, hatari kwa mwenzake ni kubwa sana. Zamani walidhani ni urithi. Walipochunguza chembe zenyewe wakakuta kitu kingine. Pacha wengi wa kufanana hutumia kondo moja tumboni, na mishipa yao ya damu imeungana humo. Chembe moja inaharibika kwa mtoto mmoja, haikutoka kwa baba wala mama, halafu inasafiri kwenye damu kupitia kondo hadi kwa mwenzake. Wanazaliwa wote wawili wana chembe zenye kovu lile lile. Yaani mmoja amempitishia mwenzake chembe wakiwa bado tumboni. Kwa pacha wasiofanana, kila mmoja ana kondo lake, na hilo halionekani.

Wako wana miaka 6 na wazima, hatari hiyo imeshapungua sana. Wapeleke shule.

Mama_Pacha_Kasarani

Asante. Nimepumua.

NyarNam

Mimi nimekulia Ahero, naongezea la kwetu. Boma la jirani watoto wawili, kaka na dada, walipata uvimbe wa taya miaka miwili tofauti. Mmoja alipona, sasa ni mwalimu. Watu walisema ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, wengine wakasema ni ukoo wa mama. Baadaye nilipokwenda kusomea unesi ndipo nikajua ile ni limfoma ya Burkitt. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, akauandika ugonjwa huo 1958. Aliona unafuata sehemu za joto na mvua, kule kule mbu walipo. Mwaka 1964 wakagundua kirusi cha Epstein-Barr ndani ya chembe za uvimbe huo. Kirusi hicho huenea kwa mate, karibu kila mtoto wa huku anakipata mapema. Malaria ya mara kwa mara ndiyo inakipa nafasi.

Ndiyo maana ugonjwa huo uko kwetu ziwani na uko pwani, na huku Nairobi juu kwenye baridi ni nadra. Watoto wa boma moja wanakunywa kikombe kimoja na wanaumwa na mbu wa dimbwi moja. Ukihesabu tu makaburi utasema ni ukoo.

Maabara_Usiku

NyarNam umesema vizuri kuliko mimi. Na kuna kirusi kingine, HTLV-1, kinapitishwa kwa maziwa ya mama, damu na tendo la ndoa, na kwa wachache huleta leukemia wakishakuwa watu wazima. Kinajulikana sana kusini magharibi mwa Japani na visiwa vya Karibiani. Mama anampa mtoto, mtoto anaumwa akiwa mzee. Kwa nje ni urithi mtupu, lakini hakuna jeni iliyorithiwa hapo.

Spana_Kirinyaga_Road

Nimesoma uzi wote nimeachilia gari la mtu juu ya jeki. Swali. Mimi ni fundi, baba alikuwa fundi hapa hapa Kirinyaga Road tangu ikiitwa Grogan. Alikufa na leukemia, ile ya haraka, miezi minne tu. Je, mimi niko kwenye foleni?

Maabara_Usiku

Fundi, wewe na baba mlivuta petroli kwa mpira na mdomo?

Spana_Kirinyaga_Road

Kila siku. Mpaka leo. Na kuoshea mikono. Ndiyo sabuni yetu.

Maabara_Usiku

Basi hapo ndipo pa kuanzia. Ndani ya petroli mna benzini, na benzini ni miongoni mwa vitu vichache vinavyojulikana bila shaka kuleta leukemia kali ya mailoidi, mojawapo ya zile za haraka. Inagonga uboho. Wengi hupata ugonjwa huo bila sababu inayoonekana, kwa hiyo siwezi kusema ndiyo iliyomuua mzee wako. Lakini kama wewe na yeye mna kitu kimoja mlichoshirikiana kwa miaka 30, huo mpira nauogopa kuliko jeni zake. Nunua pampu ya mkono. Mikono osha na sabuni ya unga na maji, na usitengeneze injini ndani ya kibanda kisicho na hewa. Mwambie na yule kijana wako wa mafunzo.

Spana_Kirinyaga_Road

Kijana wangu wa mafunzo ni mtoto wangu wa kwanza.

Maabara_Usiku

Ndiyo maana nimemtaja.

Hesabu_Tu

Maabara unazunguka sana. Watu wanataka jibu. Inarithiwa au hairithiwi? Bob Collymore, mkuu wa Safaricom, alifariki Julai 2019 kwa leukemia, mji mzima ukaanza kupimana. Toa namba.

Maabara_Usiku

Haya, namba.

Kwanza tofautisha na selimundu (sickle cell), maana watu huchanganya. Selimundu inarithiwa moja kwa moja: baba na mama wote wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mgonjwa. Hesabu inakaa hivyo hivyo. Saratani za damu karibu zote haziko hivyo. Kasoro inatokea ndani ya chembe moja ya uboho au ya tezi katika maisha ya mtu, haiko kwenye yai wala mbegu, kwa hiyo haina njia ya kwenda kwa mtoto.

Lakini sitakudanganya kwamba familia haina neno. Inayofuata damu ya ndugu zaidi ni leukemia sugu ya limfu, ile ya wazee. Mzazi, ndugu au mtoto wa mgonjwa ana uwezekano kama mara nane wa mtu mwingine. Inasikika vibaya, lakini ni mara nane ya kitu kidogo, na wengi wa ndugu hao hawaipati kamwe. Mayeloma ni kama mara mbili, tafiti nyingine zinafika mara tatu hivi. Leukemia za ghafla za watoto, mara nyingi sana ni tukio la mtoto huyo peke yake, isipokuwa pale penye hali ya kuzaliwa nayo kama ya Down, ambayo huongeza hatari kwa mtoto mwenyewe.

Halafu kuna familia chache zenye jeni yenyewe inayopita kutoka kizazi hadi kizazi. RUNX1, GATA2, DDX41, majina kama hayo. Huko utaona mambo mengine: ndugu kadhaa wa karibu wenye matatizo ya uboho, chembe za kugandisha damu ambazo ziko chini tangu utotoni bila sababu. Familia kama hiyo inastahili kwenda kwa daktari bingwa wa damu na kueleza yote, hasa kabla ya ndugu kutoa uboho. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana na mgonjwa. Sasa fikiria umchukue ndugu anayelingana, kumbe naye amebeba jeni ile ile mbovu, umpe mgonjwa uboho wenye ugonjwa ule ule.

Hiyo ndiyo inarithiwa. Ni nadra.

Mwana_wa_Umoja

Wadau, nimerudi. Jumamosi nilipanda matatu ya Machakos, nikaunganisha hadi Mwala. Mke wa mjomba bado yupo. Nilipomuuliza karatasi alikaa kimya kidogo, akaingia chumbani, akatoka na mkebe wa Kimbo wa kilo mbili, ule wa zamani wa bati. Ndani: hati ya kifo, risiti ya jeneza, picha ya mjomba na redio begani, na kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne, imeshika rangi ya chai. Mikunjo imekata maneno. Nimeweza kusoma hivi:

"WBC 212. Bandama +++. CML. Ph pos." Tarehe ni Machi 2008.

Chini ameandikiwa arudi baada ya wiki mbili, mara tatu. Baada ya hapo hakuna mhuri. Mke wake akaniambia wakati ule kuna mtu wa mitishamba alikuwa Wamunyu, wakauza ng'ombe wakaenda huko.

Hii Ph ni nini?

Maabara_Usiku

Ph ni Philadelphia. Nimekaa na simu mkononi dakika nzima kabla ya kukujibu, hiyo kadi imenigusa.

CML ni leukemia sugu ya mailoidi. Mwaka 1960 watafiti wawili wa mji wa Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford, waliona kromosomu moja fupi isivyo kawaida kwenye chembe za wagonjwa hawa. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kilichotokea: kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Zikiungana vibaya zinatengeneza kimeng'enya kinachoiambia chembe izaane bila kusimama. WBC ni chembe nyeupe za damu. 212 ni elfu 212, mtu wa kawaida ana kati ya elfu 4 na 11. Ndiyo maana bandama lilijaa.

Sasa sikiliza hapa. Kubadilishana huko kunatokea kwenye chembe moja ya uboho ya mtu ambaye tayari amezaliwa. Mjomba hakuzaliwa nayo. Hakuipata kwa bibi yako, na hakumwachia mtoto wake. Mionzi mikali inajulikana kuongeza hatari, iliwatokea walionusurika Hiroshima na Nagasaki, lakini wagonjwa wengi hawana sababu yoyote ya kuonyesha.

Kwa hiyo mjomba na mama hawakuugua ugonjwa mmoja. Yeye chembe za mailoidi, mama chembe za plazma, zile zinazotengeneza kingamwili. Jina moja la mtaani limewaunganisha.

Kidonge_Kila_Siku

Nimeona CML nikaingia. Mimi ninayo tangu 2011. Dawa yake, imatinibu, iliidhinishwa Marekani Mei 2001, na hapa kwetu wengi tuliipata bure, kwa jina la Glivec, kwa mpango wa kampuni iliyoitengeneza pamoja na shirika la Max Foundation. Nameza na chakula cha usiku na glasi kubwa ya maji, la sivyo tumbo linanikumbusha. Nimepata watoto wawili nikiwa kwenye dawa, wazima kabisa. Daktari aliniambia kwa mwanamume haikuzuia, ila mwanamke lazima apange naye kabla ya kushika mimba.

Mwana wa Umoja, sisemi ili kukuumiza. Dawa hiyo ilikuwepo 2008.

Mwana_wa_Umoja

Najua sasa. Mke wa mjomba hajui, na sitamwambia.

Mimi na dada je? Hilo la mara mbili.

Maabara_Usiku

Una miaka mingapi?

Mwana_wa_Umoja

32. Dada 29.

Maabara_Usiku

Mayeloma kabla ya miaka 40 ni nadra sana. Karibu kila mara hutanguliwa na hali isiyo na dalili inayoitwa MGUS, protini ya ziada kwenye damu. Wazungu wa zaidi ya miaka 50 wanayo kama 3 kwa 100, sisi watu weusi kama maradufu yao. Na kwa wenye nayo, kama 1 kwa 100 tu kila mwaka ndiye anayevuka kwenda kwenye mayeloma au jamaa zake. Wengi wanakufa wazee na mambo mengine.

Iceland walianza 2016 kupima nchi nzima, watu zaidi ya 80,000 wa miaka 40 na kuendelea, waone kama kuitafuta mapema kunasaidia. Marekani kuna utafiti wa PROMISE unaowapima hasa watu weusi na ndugu wa wagonjwa. Kwa sasa hakuna mwongozo unaosema kila mtoto wa mgonjwa apimwe. Ukifika 40 unaweza kumwomba daktari elektroforesi ya protini, kipimo cha damu cha kutafuta protini hiyo. Kabla ya hapo, mwambie tu daktari yeyote atakayekuona kwamba mama ana mayeloma, na mfupa ukiuma wiki kwa wiki, au damu ikipungua bila sababu, msiseme ni mizigo.

Wavulana wako waache. Pua ya Januari ni vumbi.

Na lingine, hili ni la leo. Vile vidonge vya bahasha ya kaki ni vya aina gani?

Mwana_wa_Umoja

Diklofenaki. Bado anavimeza usiku maumivu yakizidi.

Maabara_Usiku

Vitoe nyumbani sasa hivi. Protini ya mayeloma tayari inaziba figo, na dawa za kundi hilo, diklofenaki, ibuprofeni, zinazimaliza. Mpigie daktari wake akupe ya maumivu inayomfaa. Na anywe maji, kiasi atakachoambiwa kliniki.

Mwana_wa_Umoja

Vimetupwa chooni. Vilikuwa chini ya mto, bahasha tatu.

Jana tulikuwa na kikao cha pili. Nilibeba ile kadi ndani ya faili la plastiki. Nikaeleza kama mlivyonieleza, Eastlands na yote. Shangazi akaiomba, akaishika mbali na macho, akaigeuza. Akauliza, "Na hii Philadelphia ni wapi?"

Kabla sijajibu, mama akasema kutoka kwenye kochi, "Ni Marekani. Na kwetu hakuna aliyewahi kufika."

Dada alicheka mpaka akashika tumbo.

Bibi_wa_Kariobangi

Nimecheka peke yangu ndani ya matatu, makanga ananiangalia. Chai ilimiminwa kwanza safari hii?